Namna ya Kuishi Katika Nchi Nyembamba: Mwongozo kwa Anayekwenda Tuvalu

Anza na ramani, kisha tafuta miwani. Tuvalu iko katikati ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini mwa Fiji: visiwa tisa vilivyotawanyika baharini kwa mamia ya kilomita. Ukivikusanya vyote ukavipima, unapata kilomita za mraba 26. Kisiwa cha Mafia, ambacho Watanzania wengi hukiona kidogo, kingeimeza nchi hii karibu mara 15. Wakazi ni kama 11,000, na wengi wao wanaishi Funafuti, kwenye makao makuu.

Usifunge ramani bado. Tazama na yale maji yaliyovizunguka visiwa hivyo. Bahari ambayo Tuvalu ina haki nayo kisheria ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 700,000, maana yake kwa hesabu ya maji nchi hii ni kubwa kuliko Kenya. Ina bendera, bunge na mahakama, na tangu Septemba 2000 ina kiti katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, sawa na kile cha China. Mgeni anayeingia Tuvalu akidhani anatembelea kijiji amepotea kabla hajashuka kwenye ndege.

Na ndege yenyewe utaipanda Fiji. Itakushusha Funafuti, ambayo ni atoli, yaani mzunguko wa visiwa vyembamba vya matumbawe vilivyoizingira bahari ya ndani yenye maji matulivu. Kiwanja cha ndege kimekaa katikati ya makazi, na hapo ndipo masomo yako yanapoanzia.

Kilijengwa na wanajeshi wa Marekani mwaka 1943, wakati wa vita na Japani. Walichagua sehemu pana kuliko zote, iliyokuwa pia sehemu bora ya kulima. Minazi kwa maelfu ikakatwa, mashimo ya kilimo yakafukiwa. Ili kupata kifusi cha kusawazishia, wakachimba mashimo makubwa pembeni, na vita vilipokwisha wakaondoka wakayaacha wazi. Kwa takribani miaka 70 mashimo hayo yalijaa maji ya chumvi na taka, na familia zisizo na ardhi zikajenga vibanda vya nguzo kandokando yake. Yalifukiwa mwaka 2015, kwa mchanga ulionyonywa kutoka bahari ya ndani na kwa fedha za New Zealand. Kwa hiyo ukiwakuta wenyeji wanakitumia kiwanja hicho wapendavyo, waache. Wamekilipia.

Matumizi yake ni haya. Ndege haiji kila siku. Inapokaribia, king'ora hulia, na gari la zimamoto hupita njia nzima likifukuza mbwa, watoto na pikipiki. Ukisikia king'ora, toka. Ndege ikishaondoka, rudi. Jioni, joto likishapungua, njoo na mpira: upande mmoja watu wanacheza wavu, upande mwingine soka au raga, na ukibahatika utaona te ano, mchezo wa jadi ambao timu mbili hupangana safu zikitazamana na kupigiana kwa mikono mipira miwili iliyosukwa kwa majani ya mkadi. Mipira yote miwili huruka kwa wakati mmoja, basi usikodolee mmoja ukasahau mwenzake. Vijana huzunguka na pikipiki bila safari yoyote, kwa ajili ya upepo tu. Usiku wa joto kali, familia hubeba mikeka na mito zikaja kulala hapohapo kwenye njia ya ndege, kwa sababu hakuna mahali pengine peupe kiasi hicho pa kupata upepo. Lala nao. Ndege haitakuja usiku.

Kupotea Funafuti kunahitaji juhudi. Fongafale, kisiwa chake kikuu, ina urefu wa kilomita 12 hivi. Penye upana mkubwa ni kama mita 400, na penye wembamba ni kama mita 20, barabara na ukingo wake. Simama hapo ukielekea kaskazini: kulia kwako bahari kuu inavunja mawimbi, kushoto maji ya ndani yametulia, nawe uko katikati na nchi nzima iko chini ya viatu vyako. Usitafute mlima. Mahali pa juu kabisa nchini hapafiki mita 5, na sehemu kubwa ya ardhi haizidi mita 2 au 3 kutoka usawa wa bahari.

Chini yako ni matumbawe juu ya matumbawe. Charles Darwin alikuwa amedai kwamba atoli hukua juu ya volkano inayodidimia polepole: mlima unashuka, matumbawe yanajenga kwenda juu. Ili kumpima, Royal Society ya London ilituma watu na mashine za kuchimba hapa Funafuti kati ya 1896 na 1898. Walishuka karibu mita 340 wakiwa bado ndani ya chokaa ya matumbawe, na volkano hawakuigusa. Kina hicho kiliipa hoja ya Darwin nguvu. Watu wa Fongafale wanaishi juu ya ukuta uliojengwa na viumbe wadogo kuliko punje ya mchele, na ukuta huo haujaacha kujengwa. Tutaurudia.

Sasa maji ya kunywa. Mto hakuna, kijito hakuna. Kila paa ni chanzo cha maji, kila nyumba ina mfereji wa bati na tangi, na mtu mwenye paa bovu ana kiu mbovu. Mvua ni nyingi kwa kawaida, lakini inapokosekana nchi nzima inakosa. Mwaka 2011 ukame ulikuwa mkali hata serikali ikatangaza hali ya hatari, na kaya za Funafuti zikawa zinagawiwa ndoo mbili kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. New Zealand na Australia zilileta mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Kwa hiyo kama wewe ni wa kuacha bomba wazi huku ukipiga mswaki, acha tabia hiyo kwenu kabla ya kufunga mizigo.

Ardhini maji yapo, ila yanataka adabu. Mvua inayopenya kwenye mchanga hukusanyika chini na kuelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichimba kidogo unayafikia, ukichimba sana unaharibu. Funafuti yenyewe haiwezi tena kuyategemea, watu ni wengi na vyoo ni vingi. Lakini kwenye visiwa vingine maji haya ndiyo yaliyolisha vizazi vyote, kwa njia ya pulaka.

Hapa punguza mwendo, maana pulaka ndiyo akili ya Tuvalu. Ni mmea wa jamii ya magimbi, ila mkubwa zaidi, majani yake yanaweza kumzidi mtu kimo. Udongo wa atoli ni mchanga wa chokaa usio na rutuba, hivyo wazee walichimba mashimo mapana, kwa mikono, mpaka wakayafikia yale maji baridi ya chini, wakapanda humo. Kila mche huzungushiwa kikapu cha majani yaliyosukwa, na kikapu hujazwa majani makavu yaoze yawe mbolea. Mkulima hurudi, huongeza majani, hurudi tena. Majani ya mti gani, kwa kiasi gani, kwa mpangilio gani: hiyo ni siri ya ukoo, na hata mkwe anaweza asiambiwe. Kukuza pulaka kubwa kuliko ya jirani ni heshima inayozungumzwa. Mavuno hukunwa na kupikwa kwa tui la nazi, na karamu isiyo na pulaka ni karamu ya kusikitisha. Ukipelekwa kuliona shimo la pulaka, shuka taratibu, sifu, na usiulize habari za mbolea.

Leo mashimo hayo ndiyo ya kwanza kuonyesha madhara ya bahari inayopanda. Maji ya chumvi yakiingia chini, majani hugeuka manjano na mzizi huoza. Shimo lililotunzwa tangu enzi za mababu linaweza kuharibiwa na msimu mmoja. Anayetaka kujua kupanda kwa bahari kunafananaje kwa mkulima na asiangalie picha za mawimbi, aende akaangalie shimo la pulaka lililokufa. Wengi sasa hununua mchele na unga wa ngano unaokuja kwa meli, na magonjwa ya kisukari na shinikizo la damu yamekuja pamoja na vyakula hivyo. Mboga zipo Funafuti kwenye shamba linaloendeshwa na wataalamu kutoka Taiwan, nchi ambayo Tuvalu imeshikilia urafiki nayo ilhali majirani wengi wameuacha. Siku ya kuuza, amka mapema. Foleni ya matango haina mheshimiwa.

Msomaji wa Tanga, Kilifi au Pemba atajiona nyumbani ikifika zamu ya mnazi. Mgema yupo. Hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara changa lililofungwa, na utomvu hudondokea kwenye chupa au kifuu. Ukiwa mbichi huitwa kaleve, mtamu, na watoto hunywa. Ukichemshwa mpaka ukawa mzito unakuwa asali iitwayo kamaimai. Ukiachwa uchachuke unakuwa tembo, na tembo lina matokeo yaleyale huko kama huku. Shelisheli lipo pia, dafu lipo, na samaki ndiyo kitoweo. Usiku usio na mwezi wavuvi hutoka na taa kuwadaka kwa nyavu za mkono samaki warukao. Utakapokuwa umepewa samaki na mtu usiyemjua, pokea. Kesho ni zamu yako kutoa.

Kuhusu fedha: sarafu inayotumika ni dola ya Australia, pamoja na sarafu za chuma za Tuvalu yenyewe. Beba noti. Mashine ya kwanza ya ATM nchini ilizinduliwa Aprili 2025, na waziri mkuu Feleti Teo alihudhuria sherehe. Wapo walioicheka habari hiyo. Mimi naiheshimu nchi inayojua kusherehekea kitu inachokihitaji.

Na usidhani nchi ya watu 11,000 haijui biashara. Mwaka 1987 ilianzishiwa mfuko wa akiba uwekezwao nje, kwa michango ya Australia, New Zealand, Uingereza na Tuvalu yenyewe, na faida yake huziba pengo la bajeti katika miaka mibaya. Meli za kigeni zinazovua jodari hulipia kila siku zinayokaa kwenye maji ya Tuvalu, chini ya mpango wa pamoja na majirani wa Pasifiki, na hili ndilo pato kubwa kuliko yote. Vijana wamefundishwa ubaharia Amatuku, kisiwa kidogo cha Funafuti, wakaajiriwa kwenye meli za mizigo duniani. Halafu kuna bahati ya herufi mbili. Nchi ilipogawiwa .tv kuwa mwisho wa anwani zake za intaneti, watu wa televisheni na video duniani wakaitamani. Tuvalu ikakodisha herufi zake, na fedha hizo zilisaidia kuigharimia safari ya kuingia Umoja wa Mataifa. Kila unapofungua tovuti inayoishia na herufi hizo, unapita kwenye ardhi ya Tuvalu bila viza.

Siasa utazielewa mchana mmoja. Wabunge ni 16, wawili kutoka kila kisiwa kati ya vinane. Niulakita, kilicho kidogo kuliko vyote, kimeunganishwa na Niutao. Vyama vya siasa havipo. Mbunge anasimama kwa jina lake na la kisiwa chake, na serikali hupatikana kwa wabunge kukaa na kukubaliana. Uchaguzi wa Januari 2024 ulipokwisha, nchi ilisubiri karibu mwezi mzima kumpata waziri mkuu kwa sababu hali mbaya ya hewa iliwazuia baadhi ya wabunge kufika Funafuti. Visiwa vya nje havina viwanja vya ndege, vina meli tu, na bahari ikichafuka hata taifa linasubiri.

Chini ya serikali kuna mamlaka ya zamani zaidi: Falekaupule, baraza la wazee la kila kisiwa, ambalo sheria ya mwaka 1997 ililitambua na kulipa nguvu rasmi. Kikao hufanyika maneapa, jengo pana la jumuiya. Vua viatu, kaa mkekani, kunja miguu. Ukilazimika kupita mbele ya wanaozungumza, inama. Ikifika zamu ya fatele, ngoma ya pande mbili zinazoshindana, waimbaji hukaa wakizunguka sanduku la mbao wanalolipiga kwa viganja, wachezaji husimama, na wimbo huanza polepole, kisha huongezewa kasi na sauti, kisha kasi tena, mpaka jengo lote linatetemeka na upande wa pili unatamani kujibu. Usiondoke mapema. Jumapili ni ya kanisa, na hilo halina mjadala.

Tumefika kwenye jambo lililokufanya usikie jina la Tuvalu kwa mara ya kwanza. Kati ya Januari na Machi hutokea bamvua kubwa kuliko zote. Mtu wa pwani ya kwetu huitazamia bahari ije kwa mbele. Kule Tuvalu huja na kwa chini pia: matumbawe yana vitundu, na maji yakipanda huchimbuka katikati ya ua, kando ya kiwanja cha ndege, chini ya sakafu. Ukikuta watoto wanaogelea uani, maji hayo ni chumvi.

Hapa sema kwa uangalifu, kwa sababu wengi husema ovyo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland walichapisha matokeo ya kupima visiwa vyote 101 vidogo na vikubwa vya nchi hii, wakihesabu kila kipande cha kila atoli, kwa picha za angani tangu 1971 mpaka 2014. Waliona kwamba jumla ya ardhi imeongezeka kwa asilimia 2.9. Vingi vimekua, vingine vimepungua. Mawimbi huvunja matumbawe na kuyatupa ufukweni: kimbunga Bebe cha Oktoba 1972 kilirundika Funafuti ukuta wa vifusi wenye urefu wa kilomita 18 hivi. Ule ukuta wa Darwin unaendelea kujengwa. Basi wapo wanaoyashika matokeo haya kusema hakuna tatizo. Wanakosea. Mtu halimi pulaka juu ya kifusi kipya, wala hapati maji ya kunywa humo. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikadiria mwaka 2023 kwamba usawa wa bahari hapa ulikuwa umepanda karibu sentimita 15 katika miaka 30, na kwamba kufikia 2050 sehemu kubwa ya ardhi itakuwa chini ya kiwango cha maji kujaa cha sasa. Kisiwa kinaweza kuwepo kwenye picha ya angani na kisikalike.

Kwa hiyo usiende Tuvalu kupiga picha za maziko. Waliopo wanafanya kazi. Funafuti wameongezewa zaidi ya hekta 7 za ardhi mpya kwa mchanga wa bahari ya ndani, iliyoinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko yanayotarajiwa, kwa msaada wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi. Mwaka 2021 Simon Kofe, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliuhutubia mkutano wa tabianchi wa Glasgow kwa video akiwa amesimama baharini kwa suti, maji yakimfikia magotini, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Mwaka uliofuata alitangaza mpango wa kuihifadhi nchi kwa nakala ya kidijitali: ardhi, kumbukumbu, utamaduni. Na mwaka 2023 katiba ilirekebishwa ikasema wazi kwamba Tuvalu itabaki kuwa dola milele, hata bahari ikichukua nini.

Wapo pia wanaoondoka, nao wasisemwe vibaya. Kuhama si jambo geni: mwaka 1947 watu wa Vaitupu walihamia kisiwa cha Kioa huko Fiji walichokinunua kwa fedha zao, na wazao wao wako huko mpaka leo. Mkataba wa Falepili, uliosainiwa na Australia Novemba 2023, unawapa watu 280 kwa mwaka nafasi ya kuhamia Australia kwa kura ya bahati. Kura ya kwanza, mwaka 2025, ilipata waombaji 8,750 pamoja na familia zao, yaani sehemu kubwa ya taifa. Usilitafsiri hilo kuwa wamekata tamaa. Mtu anaweza kutaka mlango wa dharura na bado akataka kulala nyumbani kwake. Pita Funafuti utazame makaburi: yamejengwa uani, karibu na vyumba vya kulala, yamefunikwa kwa mapaa na maua, na wajukuu wanacheza kandoni. Hakuna mkataba unaoyahamisha hayo.

Ukirudi, watu watakuuliza kama ile nchi bado ipo. Waambie ipo, na waambie inataka nini: nchi tajiri zipunguze moshi, na zitoe fedha za kuta na matangi zilizoahidi. Pemba, Lamu na Mafia zinaoshwa na bahari inayopanda kwa sababu hizohizo. Wajumbe wetu watakapokwenda kwenye mkutano ujao wa tabianchi, tuwatake wasimame pamoja na Tuvalu, na tuwaulize wakirudi kama walifanya hivyo.